Tela liko tayari, umebaki wewe

Mikindani, Mtwara
2 Machi

Swahiba Bakari,

Asalaam aleikum. Huku wazima, ila goti la Mama Hadija, ambalo siku hizi linajua mvua kuliko redio.

Tela la safari yetu limetoka kwa fundi. Usicheke: ekseli ni ya pikapu iliyokufa, bodi ni la bati, lakini hema, godoro, jiko la gesi na madumu ya maji vyote vinaingia. Miaka 31 nimeendesha magari ya serikali, nikadhani kuvuta kitela ni kazi ya mtoto. Wiki iliyopita nikalijaribu barabara ya Lindi. Madumu 4 ya lita 20 niliyapanga nyuma kabisa, yawe rahisi kushusha. Kufika spidi 80, tela likaanza kutikisa mkia, mara kulia, mara kushoto, na gari linafuata. Bahati sikukanyaga breki. Niliachia mafuta, nikaushika usukani, likatulia lenyewe. Mama Hadija hakusema neno mpaka nyumbani, nawe unamjua. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kosa lilikuwa langu. Kilo 80 nyuma ya ekseli zinainua kichwa cha tela, linakosa utulivu. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na kichwa kilalie ndoano ya gari kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Nikaazima mizani ya korosho, nikakilaza kichwa juu yake. Jirani wakadhani nimeingia kangomba, ile biashara ya magendo ya korosho! Tela zima kilo 500, kichwa sasa kinasoma 55. Safi.

Njia ni hii: Mingoyo, Ndanda, Masasi, Tunduru, Songea, mpaka Mbamba Bay tukale mbasa wa Ziwa Nyasa. Unakumbuka tulivyolala siku mbili kwenye tope la Tunduru, lori limezama mpaka ekseli? Sasa ni lami mpaka ziwani. Ila kati ya Tunduru na Namtumbo ni mapito ya tembo, wanatoka Selous kwenda Msumbiji. Huko hema halifunguliwi, tutalala gesti mjini. Kwingine tunabisha hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama. Kurudi tutapitia Njombe, Iringa, Mikumi, kisha Kilwa. Lete koti. Njombe mwezi wa sita si mchezo.

Tarehe ndiyo imetugombanisha na Mama Hadija. Masika sitaki, Mei 2024 mafuriko yalikata barabara pale Somanga, watu wakakwama. Yeye anasema mikorosho haikustaafu pamoja nami: ikianza kuchanua bila dawa ya salfa, ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua. Ana haki. Basi tutoke wiki ya mwisho ya Mei, turudi mwishoni mwa Juni. Wiki ya kwanza ya salfa mpwa wangu ataishika.

Gari nakuachia wewe ulikague. Soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni mwa tairi: mbili wiki, mbili mwaka. Za tela nimekuta ni za 2013, kumbe fundi kanipa tairi zenye umri wa mjukuu wangu, nimeshazikataa. Njoo na ile jeki yako ya Tanga, yangu haifiki chini ya tela. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nitakuchemshia siku ukifika.

Wako,
Baba Hadija