Wanafunzi wa stashahada ya kilimo tuwapokee Dodoma wakati wa mvua, siyo Julai

Ndugu Mhariri,

Vyuo vya kilimo vinapofunga kwa likizo ndefu, vijana wa stashahada huanza kuwasili katika kata zetu za Dodoma na Singida wakiwa na barua ya chuo na daftari la mafunzo kwa vitendo. Mara nyingi huwa Julai au Agosti. Mtama umeshakatwa, uwele uko ghalani, alizeti imeshapigwa na ng'ombe wanamaliza mabua. Kijana anaandika ripoti ya kilimo cha mtama bila kuuona ukiwa na majani. Ninaandika kuomba ratiba hii ibadilishwe kwa vyuo vinavyoleta wanafunzi Kanda ya Kati.

Kwa mzazi asiyezifahamu ngazi hizi: aliyemaliza kidato cha nne huanza astashahada ya awali (ngazi ya 4), akapanda astashahada (ngazi ya 5), kisha stashahada (ngazi ya 6), jumla miaka mitatu. Akihitimu na kuajiriwa anakuwa Afisa Kilimo Msaidizi, yaani yule ambaye mkulima wa Chamwino au Bahi anamfuata kwanza shamba likiharibika. Hatapewa muda wa kwenda kufungua daftari.

Hapa kwetu msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima ni takribani milimita 500 hadi 600. Tena katikati yake, mwishoni mwa Januari au Februari, jua huingia kwa wiki kadhaa. Maamuzi karibu yote yanayotofautisha gunia kumi na gunia mbili hufanyika kati ya Desemba na mwisho wa Februari, na mwanafunzi wakati huo yuko darasani.

Chukueni kupanda peke yake. Kabla ya mvua, hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku saba uhesabu zilizoota. Zikifika 85, panda kama kawaida; zikishuka chini ya 70, tafuta mbegu nyingine, kwa sababu kurudia kupanda Januari katika mvua fupi hivi ni kupoteza msimu. Mvua ikinyesha usikimbilie jembe: chimba uone kama unyevu umefika sentimita 15 hadi 20. Kinachoonekana ni mvua kubwa huweza kuwa kimelowesha vidole vinne tu, mbegu ikaota na kufa wiki inayofuata. Mtama unapandwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, kina cha sentimita 3 hadi 5, kisha miche inapunguzwa ibaki miwili kila shimo, wiki mbili hadi tatu baada ya kuota, udongo ukiwa na maji. Mkulima mgumu wa kupunguzia miche ndiye jua la Februari linamwadhibu, maana miche sita inagombania maji ya miwili.

Hesabu ya mbolea nayo huwaangusha wengi. Kwa nafasi hizo ekari moja ina mashimo karibu 18,000. Nusu kizibo cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia) kwa kila shimo ni takribani gramu 3, kwa hiyo ekari inameza mfuko mmoja wa kilo 50 na ziada kidogo. Mwanafunzi anayeambiwa "kizibo kimoja" bila kupiga hesabu hii anamwambia mkulima anunue zaidi ya mifuko miwili. Na mbolea ikae sentimita 5 hadi 7 pembeni ya mbegu. Ikigusana nayo katika udongo wenye unyevu haba, chumvi yake inaunguza chipukizi, na mkulima atasema mbolea inaharibu ardhi. Hapo kijana atabishana naye miaka yote ya ajira yake.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni bomba la kupulizia. Kila mwanafunzi anajua kusoma lebo, lakini ni wachache wanaojua kupima bomba. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Tia maji matupu ya kiasi unachokijua, pulizia eneo lote kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 2. Ekari ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo utahitaji lita 80, ambazo ni mabomba matano ya lita 16. Lebo ikisema mililita 400 kwa ekari, kila bomba linapata mililita 80. Ukitumia kifuniko cha chupa kwa kukisia, utaua mazao au utawafundisha wadudu kuizoea dawa. Kipimo kirudiwe kwa kila mpuliziaji, kwani kila mtu ana mwendo wake, na kila ncha ya bomba ikichakaa, kwa sababu tundu likipanuka linamwaga zaidi. Maji yawe safi. Maji ya lambo yenye tope huishika baadhi ya dawa za magugu, hasa glifoseti, na magugu yanabaki yamesimama.

Yote haya yanahitaji shamba lenye mimea. Kiwavijeshi vamizi hangoji Julai: anakaguliwa kwenye moyo wa mmea ungali mdogo, sehemu tano za shamba, mimea kumi kila sehemu. Mimea miwili katika kila kumi ikiwa na dalili mpya, chukua hatua, asubuhi mapema au jioni, ukielekeza dawa ndani ya moyo. Kiwavi akishakua anajifunika kwa kinyesi chake na dawa haimfikii. Kiduha, gugu nyonyaji, vilevile: kinatokeza juu wakati kimeshanyonya mizizi ya mtama, na kisipong'olewa kabla ya maua kinaacha maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi zinazokaa udongoni miaka mingi. Mwanafunzi wa Agosti anaonyeshwa bua kavu la kiduha, kama halijaliwa na mbuzi.

Ardhi hii haina huruma kwa anayeisoma kutoka mbali. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947 ukiwa na matrekta na fedha nyingi, na mwaka 1951 ulikuwa umeshaachwa. Mvua ilikuwa haba, na udongo ukikauka ulikuwa mgumu kiasi cha kushinda mashine.

Sisemi Julai haina kazi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba pamoja na kupogoa yanamfaa sana mwanafunzi. Kuchukua sampuli ya udongo pia ni kazi ya kiangazi: vijisampuli 15 hadi 20 kwa mtindo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, vichanganywe kwenye ndoo ya plastiki (ndoo ya bati huongeza zinki), ukikwepa vichuguu, vivuli vya miti na maboma ya zamani ya ng'ombe, ambako samadi ya miaka mingi hudanganya matokeo ya shamba zima. Na hifadhi ya nafaka isomwe kwa uzito wake: mwaka 2016 sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupima ukavu wa nafaka: chumvi kavu kwenye chupa kavu, tia punje, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado ni mbichi, irudi juani juu ya turubai.

Ninachopendekeza ni kuyagawa mafunzo mara mbili: wiki nne kuanzia katikati ya Desemba, na zinazobaki ziwe Julai. Najua mitihani ya muhula inabana. Basi chuo kisichoweza kusogeza ratiba kiwape wanafunzi wawili wawili kiploti cha mita 10 kwa 10 kisichomwagiliwa, na kipima mvua kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi. Kiploti cha bomba la maji hakimfundishi mtu Dodoma. Alama zitolewe kwa idadi ya mimea iliyobaki baada ya jua la Februari na kwa maelezo ya nini kilikufa na kwa nini.

Kwa halmashauri zetu, barua za kuwapokea wanafunzi wa Desemba zijibiwe kabla ya mwisho wa Oktoba, na kila kijana apangiwe mkulima mmoja anayepanda bila umwagiliaji, siyo kukaa ofisini kata akipiga mihuri.

Mwalimu wa kilimo,
Dodoma