Risala ya Klabu ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo historia tutaipitia mbio: klabu ilianza na wanachama 9 na kompyuta moja. Leo tuko 31. Kompyuta ni ileile.

Mafanikio ni makubwa. Tumechapa vitambulisho vya viranja wote, tumeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya shule nne, na tumeanzisha Msako wa QR, mchezo wa kutafuta vituo kwa kuskani misimbo ya QR, yaani vile vimiraba vya madoa meusi na meupe, ambao kwa utafiti wetu wenyewe haujawahi kuonekana katika kata hii.

Mheshimiwa, misimbo hii ilibuniwa Japani na kampuni ya Denso mwaka 1994 ili kufuatilia vipuri vya magari. Sisi tumeizoea kwenye risiti za EFD, zile za mashine za kodi. Tumeibandika sehemu 12: mlingoti wa bendera, tangi la maji, mlango wa maabara, hadi kwenye mwembe. Kila msimbo una swali la somo, na jibu ndilo linaloelekeza kituo kinachofuata. Kila kundi lina mpangilio wake, wasije wakafuatana kama kondoo. Maswali yamo ndani ya msimbo wenyewe, kwa hiyo hatuhitaji bando. Kuna mtu aliupaka mkaa ule wa mwembeni, bado ukasomeka, kwa sababu tulichapa kwa kiwango kinachostahimili uharibifu wa hadi takriban asilimia 30. Aliyepaka tunamfahamu, na yumo humu ukumbini.

Tatizo letu ni vifaa vya kusomea misimbo hiyo. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na kanuni hiyo tunaiheshimu. Tunaazima vishikwambi vya walimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Vinavyowaka ni vitatu, na kimoja kioo kimepasuka. Makundi ni 8. Msako wa dakika 40 ulichukua saa mbili na nusu, nyingi zikiishia kwenye foleni, na Kidato cha Pili wakakosa uji. Mwalimu wa Jiografia akikihitaji kishikwambi chake, kundi zima linasimama juani kumsubiri.

Si kwamba hatujawahi kuomba. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi kompyuta 10, tukampigia makofi ya kilo. Wazazi wakachanga, fundi akatengeneza kabati lenye kufuli. Sasa linatunza chaki. Mgeni wa mwaka jana alichukua namba ya mwalimu mlezi. Mwalimu hajabadilisha laini hadi leo. Hatulaumu, tunaamini wamebanwa na majukumu.

Kwa unyenyekevu tunaomba vishikwambi 6, hata vilivyotumika, ili pamoja na vile viwili vizima vya walimu kila kundi lishike chake. Ukijaliwa viwili tu kabla shule haijafungwa, tutavifurahia kuliko kuahidiwa 20.

Kituo cha mwisho cha msako wa leo kipo mezani kwako, pembeni ya chupa ya maji. Ukiskani utaona maombi haya na namba ya mwalimu mlezi, ileile ya mwaka jana.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya TEHAMA