Daraja la fidla haligundishwi

Mhariri,

Miaka mingi nalisoma gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile picha ya fidla 20 za msaada, watoto wamepangwa safu kama wanaosubiri chanjo, imenishinda. Chini yake mmeandika "wanafunzi wakifurahia magitaa yao mapya". Tangu lini gitaa likapigwa kwa upinde?

Basi jina tuliache, tuitazame picha. Mtoto wa mbele, anayeonekana wa miaka minane hivi, amepewa fidla kamili ya mtu mzima, ile ya 4/4, na mkono wake wa kushoto umenyooka kama mwanzi. Fidla hupimwa kwa mkono. Mtoto aiweke begani, anyooshe mkono, na kiganja kikiweza kukumbatia kichwa cha fidla huku kiwiko kimekunjika kidogo, basi saizi ndiyo hiyo. Kikishindwa, shuka: 3/4, nusu, robo. Wa umri ule kwa kawaida ni wa nusu au robo. Ukimpa kubwa, kidole chake cha nne hakifiki, kifundo cha mkono kinaanguka na kuegemea shingo ya fidla, na kuja kumwondolea tabia hiyo ni kazi kubwa kuliko kumfundisha upya.

Wiki iliyopita nimeletewa fidla ya msaada kama hizo, kutoka shule nisiyoitaja. Daraja, kile kibao chembamba kinachoinua nyuzi, limegundishwa kwa gundi ya seremala. Ukiitikisa, ndani kuna kitu kinagonga. Hicho kinachogonga ndiyo nguzo: kijiti cha mviringo, unene wake kama milimita 6, kinachosimama bila gundi kati ya kifua na mgongo, yaani ubao wa mbele na wa nyuma wa fidla, nyuma kidogo ya mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba. Kinachoishikilia ni mkazo wa nyuzi tu. Mtu akilegeza nyuzi zote nne kwa pamoja ili aweke mpya, mkazo unaondoka na nguzo inalala. Akizikaza tena hali imelala, kifua kinabonyea mpaka kipasuke. Ndiyo maana nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja, uzi huu ukishakazwa ndipo unafunguliwa wa pili. Na daraja haligundishwi kwa sababu kila unapozungusha vigingi vya kukazia, nyuzi hulivuta lielekee kwenye vigingi. Mwalimu hulishika kwa vidole vya mikono miwili akalirudisha, upande wake unaotazama mkia wa fidla usimame wima. Lililogandishwa halirudi, linapinda kichwa kama mzee anayesinzia barazani. Aliyelitia gundi simlaumu, maana liliendelea kuanguka na hakuna aliyemweleza kwa nini. Ninaowalaumu ni waliokabidhi, wakapiga makofi, wakala pilau, wakaondoka, na nyinyi mliohesabu makofi mkasahau kuuliza nani ataifunga fidla ya kwanza itakayofunguka.

Tena kuna upinde. Singa mpya za mkia wa farasi zisizopakwa rozini, ule utomvu mkavu wa msonobari, zinateleza juu ya uzi bila kutoa sauti. Mtoto atasugua mpaka magharibi asisikie kitu, kisha ataambiwa hana kipaji. Na kidonge kipya cha rozini kinang'aa kama kioo, hakishiki mpaka ukikwaruze kwa msasa. Kwa mara ya kwanza upinde upakwe taratibu, kutoka mwanzo hadi ncha, mara 30 au 40. Masika singa hurefuka kwa unyevu, mtoto anazidi kukaza skrubu. Jua likitoka zinajirudi fupi na mti wa upinde unakwenda upande. Kwa hiyo upinde hulegezwa kila baada ya kupiga. Katika picha yenu pinde zote zimekazwa ndani ya makasha.

Nimeviona pia vile vibandiko vya rangi kwenye ubao wa vidole, vya kumwonyesha mtoto pa kubonyeza. Kwenye fidla kamili, kibandiko cha kwanza juu ya uzi wa re huwekwa kama sentimita 3.6 kutoka kwenye kizingiti cha shingo, pale uzi unapoanzia. Hiyo ni mi ya piano. Mi ya bayati, ile maqamu ya taarab ambayo mi yake iko chini kidogo ya mi ya piano, inakaa karibu na sentimita 2.7, na hapo hapana rangi yoyote. Mtoto wa Unguja aliyefundwa kwa kibandiko peke yake ataipita bayati kila siku bila kuisalimu. Halafu tunashangaa harusi zimejaa vinanda vya umeme na mpiga fidla amekaa nyuma kwa heshima tu, kama ua la plastiki. Tena wanamlipa nusu. Lakini hilo nitaliandikia siku nyingine.

Kwa sherehe ijayo ya makabidhiano nashauri hivi. Bei ya hema moja na spika zake inunuliwe nyuzi nyembamba za mi 40, kwa kuwa ndizo zinazokatika kwanza, vidonge vitano vya rozini, na kile chuma chenye umbo la S cha kusimamishia nguzo. Mwandishi wako naye, kabla ya kupiga picha, aitikise kila fidla karibu na sikio lake. Zinazogonga azihesabu, na idadi hiyo ndiyo iwe kichwa cha habari.

Mfundisha fidla,
Mji Mkongwe, Unguja