Barua ya Wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kaunti ya Kisumu: Mashine za Mazoezi Zitukumbuke Wenye Viungo vya Bandia

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Nyalenda ninayetembea kwa mguu wa bandia, na ombi langu ni moja. Kaunti inaponunua mashine za mazoezi kwa ajili ya viwanja na kumbi zake, sehemu ya fedha hizo itengewe vifaa ambavyo mtu mwenye mguu au mkono wa bandia anaweza kuvitumia peke yake bila kushikiliwa, na kazi ya kuvibuni na kuvirekebisha ifanywe na mafundi wa hapa hapa Kisumu.

Kila panapotajwa michezo ya watu wenye ulemavu, fikra za wengi hukimbilia ule mguu uliopinda, wa nyuzi za kaboni, ambao asili yake ni ubunifu wa Van Phillips, Mmarekani aliyepoteza mguu mwaka 1976. Ni kifaa cha ajabu, lakini ni cha mbio, bei yake haisemeki, na wengi wetu hatuna haja ya kushindana na mtu. Tunachotaka ni kutoka jasho kama majirani zetu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaomtaka mtu mzima, mwenye ulemavu naye akiwemo, afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Kwa wenzetu waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari, dakika hizo ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa mguu uliobaki nao umo hatarini.

Chukua baiskeli ya mazoezi, ambayo ndiyo mashine ya kwanza anayoelekezwa mtu asiyeweza kukimbia. Wayo wa bandia hauna hisia, kwa hiyo mwenyewe hajui umekaaje juu ya pedali mpaka uteleze, na ukiteleza, pedali hurudi ikampiga. Tena goti linapopanda juu kabisa katika kila mzunguko, ukingo wa nyuma wa soketi, yaani kile kikombe kinachoupokea mguu uliokatwa, hubana nyama nyuma ya goti, na baada ya muda ngozi huchubuka. Mwenye kidonda hapo havai mguu wake tena mpaka kipone, na asipouvaa huenda asifike kazini. Dawa ya matatizo haya mawili si ghali. Vyuma vinavyoshika pedali vikifupishwa, goti halilazimiki kukunjika sana. Pedali ikiwekewa kizuizi cha kisigino na ukanda wa kuushika wayo, mguu hautelezi. Nasisitiza kwamba ukanda huo lazima ufunguke kwa mvuto mmoja wa mkono, kwa sababu ukanda usiofunguka upesi ni mtego kwa mtu anayeanguka.

Kwa mwenye mkono wa bandia tatizo ni jingine. Kulabu yake inaweza kushika mpini, lakini uzito unaovutwa huelekea kuuchomoa mkono huo wa bandia kutoka kwenye kiungo kilichobaki, na hapo mashine nzima ya kuvuta vyuma humwia bure. Kinachofaa ni mkanda mpana wenye sponji ndani, unaofungwa juu ya mkono wake wa asili uliobaki, nyama na mfupa, na kuunganishwa na kamba ya mashine, ili mzigo ubebwe na msuli badala ya plastiki. Kazi hiyo inamtosha fundi wa viatu mwenye cherehani ya ngozi.

Wapo pia watakaopenda kuvua mguu na kufanya mazoezi wakiwa wameketi. Mary Nakhumicha Zakayo, aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Paralimpiki, alirusha mkuki akiwa ameketi. Kiti cha mrushaji wa namna hiyo ni fremu ya chuma inayofungwa ardhini, ambayo kanuni za kimataifa zinataka kimo chake, pamoja na mto wa kukalia, kisizidi sentimita 75. Mafundi wa soko la Kibuye hapa mjini wanaochomelea mageti na vitanda kila siku hawawezi kushindwa na fremu hiyo, mradi wapewe vipimo.

Najua litaulizwa swali la ubora, na ni swali la haki. Mguu wa Jaipur, unaovaliwa na watu wengi katika nchi maskini, ulibuniwa India mwishoni mwa miaka ya 1960 na fundi wa mikono, Ram Chandra Sharma, akishirikiana na madaktari akiwemo P. K. Sethi, kwa sababu miguu ya bandia iliyotoka nchi za Magharibi haikumruhusu mtu kuchuchumaa wala kutembea pekupeku shambani. Ulifanikiwa kwa kuwa fundi, daktari na mvaaji walikaa pamoja. Nasi tunahitaji mpango wa aina hiyo: fundi arekebishe mashine tu, asiuguse mguu wa mtu, maana huo ni wa mtaalamu wa viungo vya bandia aliyesomea kazi hiyo, na kila kifaa kijaribiwe kwa mzigo mzito kuliko wa kawaida kabla ya binadamu kukikalia.

Katiba, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vya ulemavu wake. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limeikabidhi kaunti vituo vya michezo, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya afya vya kaunti. Kwa maneno mengine, mwenye uwanja, mwenye karakana na mwenye zahanati wote wanawajibika kwa gavana mmoja, na barua moja kutoka ofisini kwako inaweza kuwakutanisha.

Mahali pa kuanzia napendekeza pawe Uwanja wa Michezo wa Jomo Kenyatta, kwa kuwa uko katikati ya mji na nauli ya kufika hapo si ya kuumiza. Baiskeli mbili zenye pedali za aina niliyoieleza, mashine moja ya kuvuta yenye mikanda, na fremu moja ya kuketi zinatosha kwa mwanzo. Kando yake pawepo benchi imara kivulini, penye maji na faragha kidogo, kwa sababu katika joto la Kisumu soketi hujaa jasho na ni lazima mtu auvue mguu, aukaushe na kuuvaa upya katikati ya mazoezi. Naomba pia watumiaji waitwe tangu mchoro wa kwanza, walipwe nauli, na wasiitwe siku ya uzinduzi tu kupigwa picha.

Makadirio ya bajeti hupaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Naomba vifaa hivi viwe na kifungu chao humo, na jibu lako litolewe hadharani kama barua hii ilivyotolewa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Nyalenda, Kisumu