Mbawakawa wa pangoni si mende, na kilichovimba si tumbo

Mhariri,

Tunaomba nafasi tusahihishe makala yenu kuhusu wadudu wa mapangoni, hasa aya zilizomhusu Leptodirus hochenwartii, mdudu mdogo kipofu wa mapango ya Slovenia na nchi jirani. Tumefurahi kwamba mdudu huyu ameandikwa kwa Kiswahili, na ndiyo maana hatutaki makosa yale yabaki yakinukuliwa.

Tuanze na jina. Mlimwita "mende kipofu". Huyu ni mbawakawa, na tofauti si ya kimaneno tu. Mende hutoka kwenye yai akiwa tayari na umbo la mende, akakua kwa kujivua gamba mara kwa mara. Mbawakawa huanza kuwa buu, kisha bundo (hatua ya kutulia akibadilika umbo), ndipo awe mdudu kamili. Anayetaka kuwatofautisha kwa macho atazame mgongo: mbawa za mbele za mbawakawa ni magamba magumu yanayokutana kwa mstari ulionyooka katikati, ilhali za mende ni nyumbufu kama ngozi na hulaliana.

Kosa lililotuuma zaidi liko chini ya picha. Maelezo yalisema mdudu huyu "ana tumbo kubwa lililojaa chakula cha akiba". Ni kweli kwamba sehemu yake ya nyuma imetuna kama tone la maji, lakini kilichotuna ni yale magamba ya mbawa, yaliyojikunja na kuwa kuba. Tumbo lenyewe limo ndani, nalo halikijazi chumba chote; kati yake na kuba kuna uwazi wa hewa. Mfano wa tumbo lililovimba kwelikweli tunaujua sote: malkia wa mchwa, ambaye ngozi ya tumbo lake hutanuka mpaka vibao vigumu vya mgongoni vikaachana mbalimbali. Kwa Leptodirus hakuna kinachotanuka. Kuba ni gumu, na ukubwa wake haubadiliki mdudu akishiba wala akishinda njaa.

Uwazi ule una kazi gani? Matundu ya kupumulia ya tumbo la mbawakawa hufunguka chini ya magamba ya mbawa, si moja kwa moja nje. Kwa hiyo hewa iliyonaswa humo hubaki na unyevu, na mdudu anayepita sehemu ya pango yenye upepo mkavu hapotezi maji upesi. Hayo ndiyo maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali. La kustaajabisha ni kwamba mbawakawa kadhaa wa jangwani wana chumba kama hicho chini ya magamba yao, ingawa maisha yao na ya huyu wa gizani ni mbali kama mbingu na ardhi.

Viungo vingine vyafaa kuelezwa kwa usahihi pia. Urefu wa mwili ni kama milimita 8 hadi 11. Kichwa ni chembamba na kirefu, na sehemu ya kwanza ya kifua imenyooka mithili ya shingo. Jina Leptodirus kwa Kigiriki lina maana ya shingo nyembamba, na Waslovenia humwita drobnovratnik kwa maana hiyohiyo. Macho hana kabisa, wala mbawa za kurukia chini ya magamba hana. Miguu na vipapasio ni virefu na vyembamba mno. Kila kipapasio kina pingili 11, na katika familia yake, Leiodidae, baadhi ya pingili za karibu na ncha zina vishimo vya hisi vilivyofichwa ndani. Gamba lake ni la kahawia yenye wekundu na hung'aa. Si "mweupe kama karatasi" kama mlivyoandika.

Sasa ramani. Mlipaka rangi moja kutoka milima ya Alps hadi Ugiriki. Spishi hii haiko huko kote. Inapatikana katika milima ya chokaa ya Dinari, upande wa kaskazini-magharibi tu: kusini na kusini-magharibi mwa Slovenia, sehemu za Kroatia ikiwemo milima ya Velebit, na kipande kidogo cha Italia karibu na Trieste. Hata ndani ya eneo hilo, kupaka rangi mfululizo kunapotosha. Inayostahili ni ramani ya vitone. Mdudu huyu huhitaji pango lenye baridi, kwa kawaida lisilozidi nyuzi 12 za Selsiasi, na hewa iliyokaribia kushiba mvuke. Bonde kavu, mto mpana au ukanda wa mwamba usio wa chokaa kwake ni kama bahari. Ndiyo maana makundi yametengana na nususpishi kadhaa, yaani vikundi vya ndani ya spishi moja, zimetajwa, mojawapo velebiticus wa Velebit. Lakini kitone kikikosekana, msiandike kwamba "hayupo". Mbawakawa hupita katika nyufa ambazo binadamu hawezi kuingiza hata mkono. Sisi tunaona pale tu ufa ulipopanuka ukawa pango.

Historia mliipitia mbio, nasi tutaongeza machache. Mwaka 1831 Luka Čeč, mfanyakazi wa pango la Postojna huko Slovenia, alimwona mdudu huyu na kumkabidhi Franz von Hohenwart. Ferdinand Schmidt, mtafiti wa wadudu, akamweleza kisayansi mwaka 1832 na kumpa jina la Hohenwart. Alikuwa mbawakawa wa kwanza kutambuliwa kuwa kiumbe wa pangoni, na elimu ya viumbe wa mapangoni huhesabiwa kuanzia hapo. Herufi "ch" katika hochenwartii si kosa la chapa, msiirekebishe.

Mwisho ni lile sanduku la "jinsi ya kuwanasa". Tunaomba liondolewe. Kikombe chenye pombe au formalini kilichoachwa pangoni huendelea kuua kila anayetumbukia, na kikisahauliwa kinaweza kufyeka kundi lililochukua miaka mingi kuongezeka. Mtafiti mwenye kibali hutumia kikombe kikavu kilichofukiwa. Ukingo huwa sawasawa na udongo, maana ukibaki juu kidogo mdudu huuzunguka. Chambo cha nyama au jibini hufungwa kwenye kitambaa. Vijiwe huwekwa ndani wapate pa kujificha. Jiwe bapa hufunika juu ili matone yasiwazamishe. Hukaguliwa baada ya siku moja au mbili, wadudu wakahesabiwa na kuachiwa palepale, na kikombe kikatolewa. Spishi hii imo katika viambatisho vya II na IV vya Maelekezo ya Makazi ya Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda viumbe na mahali wanapoishi, hivyo kumkamata bila ruhusa ni kuvunja sheria.

Mnapochapisha masahihisho, Postojna itajeni, kila mtu anaijua. Majina ya mapango madogo yaacheni. Mbawakawa mwingine wa mapango ya Slovenia, Anophthalmus hitleri, aliyepewa jina la Adolf Hitler mwaka 1937, husakwa na wakusanyaji kwa sababu ya jina lake tu, na wanachokosa ni anwani ya pango.

Ni sisi wasomaji wenu,
wafuatiliaji wa elimu ya wadudu