Acheni kujifunga matumbo: barua ya wazi kwa mabinti wa Mbeya na Iringa mnaoenda intavyuu na mimba

Wanangu, kamwene kwenu wa Iringa na Njombe, na ndaga fijo kwa wa kwetu Rungwe na Mbeya mjini. Naandika nikiwa nimekasirika na sitaki kuficha. Juzi juzi binti wa jirani yangu, mtoto niliyemuona anakua, ana diploma yake ya uhasibu, kaitwa intavyuu kampuni moja hapa mjini. Ana mimba ya miezi minne na kitu. Wakamfunga tumbo kwa ule mkanda wa kubana wanaouza Mwanjelwa, ule wanaovaa waliojifungua, juu yake khanga, juu ya khanga sketi, juu ya vyote koti. Chai hajanywa maana asubuhi anatapika. Wamekalishwa kwenye benchi toka saa mbili mpaka inakaribia saa sita, jina lake linatajwa, anasimama, kaanguka palepale koridoni. Walivyomfungua koti wapate kumpepea ndo wakaukuta mkanda. Mtoto yupo salama, kliniki wamesikiliza mapigo ya moyo yapo vizuri, namshukuru Mungu kwa hilo. Simu ya kazi haikupigwa.

Na aliyemfunga ule mkanda ni mama yake mdogo, tena kwa nguvu zake zote, akisaidiwa na wanawake wazima wenye watoto wao. Walikaa kikao wakakubaliana kwamba mwajiri akijua tu umekwisha, kwahiyo tumbo lipotee. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtoto wa watu sheria inasemaje, hakuna aliyemwambia kunywa uji. Jamani! Mimba ya miezi minne, kama ni mimba ya kwanza, ukivaa nguo ya kawaida wengi hata hawaijui, alafu hapa ni Mbeya, mwezi wa saba mji mzima upo ndani ya makoti, nani atashangaa binti kuvaa sweta? Mnambana mtu ambaye pumzi yenyewe tayari ni ya shida, mnamnyima kula, mnamsimamisha foleni, alafu akianguka mnasema karogwa na watu. Hajarogwa na mtu. Mmemfunga nyie. Nasema hivi kwa kila shangazi na mama mdogo atakayesoma hapa, msiwafunge watoto matumbo kwa ajili ya kazi ya mtu yeyote, hata iwe ya benki, hata iwe ya serikali.

Mimi kazi yangu mpaka nastaafu ilikuwa idara ya utumishi, ile inayoajiri watu. Nimekaa kwenye meza ya usaili upande wa wanaouliza, kwahiyo ninachowaambia nakijua kutoka kule ndani.

Swali mnaloniuliza sana ni hili, niseme au nisiseme? Jibu langu, kwenye intavyuu usiseme. Wala usijisikie mwongo. Intavyuu ni ya kupima kama kazi unaiweza, mimba yako siyo cheti cha kuambatanisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, imekataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito, na watu wengi hapa ndo wanapopotea, wanadhani inamlinda aliyeshaajiriwa tu. Hapana. Kifungu hichohicho kimesema anayeomba kazi naye anahesabiwa. Kwahiyo ulinzi wako umeanza siku unapeleka barua ya maombi. Na ukionyesha dalili za kutosha kwamba umebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo unaenda kwa mwajiri.

Sasa wakikuuliza uso kwa uso, je una mimba? Usidanganye. Hapa natofautiana na wale wanaosema kataa kabisa, maana ukikataa leo na baada ya mwezi mmoja au miwili tumbo likatokea, bosi hataongelea mimba tena, ataongelea kwamba wewe si mkweli, na hilo litakufuata ofisini kila ukigusa risiti. Sema kwa adabu, "Naomba tuongelee kazi yenyewe, mambo ya familia niko tayari kuyaongea mkishanipa ofa." Kwa sauti ya kawaida, bila kununa. Ndiyo, wengine watahisi, na wengine watakunyima kazi kwa kuhisi tu, sitawadanganya kwamba sheria inazuia roho mbaya ya mtu. Ila umetoka pale hujasema uongo na hujajianika. Jioni yake andika kwenye daftari swali lilivyoulizwa, nani aliuliza, saa ngapi, nani alikuwepo. Kama umepigwa chini kwa sababu hiyo na unao ushahidi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA, inapokea migogoro ya namna hii ndani ya siku 60. Ya kuachishwa kazi ni siku 30. Watu wanakaa nyumbani wanalia mpaka siku zimeisha ndo wananifuata.

Kama tumbo lishakuwa kubwa, miezi saba, linaonekana toka mlangoni, hapo kunyamaza hakuna maana. Sema mwenyewe mapema, kwa kifupi, taja mwezi unaotarajia kujifungua na namna kazi itakavyoenda, alafu rudi kwenye kazi.

Ila nimesema usiseme kwenye intavyuu, sijasema usiseme milele. Hapa kuna hesabu ambayo hao washauri wa mkanda hawaijui na ndo itawaumiza zaidi kuliko jopo lolote. Sikilizeni vizuri. Likizo ya uzazi ya malipo ni siku 84, mapacha ni siku 100. Lakini sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo ya malipo. Sasa piga hesabu. Ukianza kazi mimba ikiwa ya miezi mitatu, siku unajifungua ndo unagusa miezi sita. Sheria inakuruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe, na wengi wanazikimbilia hizo wiki nne wakati miezi sita bado, usifanye hivyo kama afya yako inaruhusu kuendelea kidogo, mbele ya daktari lakini, siyo kwa ubishi. Ukianza kazi na mimba ya miezi mitano, ujue likizo ya malipo kwa haki huna, una unachoweza kukubaliana na mwajiri tu. Kwahiyo wewe wa miezi mitano ukishapewa barua ya ofa, kabla ya kusaini mkataba, ndo wakati wako wa kusema na kuomba, hata likizo bila malipo, hata nusu mshahara, iandikwe. Ukisaini kwanza alafu uje kuomba, unaomba hisani.

Na hata yule asiye na likizo ya malipo, wiki sita za kwanza baada ya kujifungua mwajiri haruhusiwi kumfanyisha kazi, labda daktari athibitishe kwamba anaweza. Akikwambia njoo wiki ya pili, muonyeshe kifungu cha 33.

Kingine kuhusu hiyo miezi sita. Ule ulinzi wa kuachishwa kazi isivyo halali nao haumhusu aliye chini ya miezi sita, ila kifungu cha 7 cha ubaguzi hakina miezi sita, kipo na wewe toka mwanzo. Ndo maana nawaambia tunzeni ushahidi, meseji za wasapu msifute, hata zile za bosi za kukutania tumbo.

Yapo mazingira ambayo nawaambia semeni mapema hata kabla ya siku ya kwanza kazini, mkishapata ofa tu. Mashamba ya parachichi Njombe na ya chai Mufindi na Rungwe ambako dawa zinapigwa, viwanda vya mbao Mafinga, chumba cha eksirei hospitalini. Mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito wala anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, lakini atakuhamishaje kama hajui? Zamu za usiku nazo, sheli, hoteli, famasi, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, miezi miwili ya mwisho ya mimba huruhusiwi kupangiwa. Mtoto hasubiri probesheni, yaani muda wa majaribio kazini, iishe.

Kuleni kabla ya intavyuu. Bebeni maji na biskuti. Anayetoka Mafinga au Tukuyu alfajiri, lala mjini kwa ndugu usiku wa kuamkia. Foleni ikiwa ndefu omba kiti, hakuna anayehitaji kujua sababu.

Sasa niseme na wenzangu, wazee na mabosi, maana hawa watoto hawajajifunga mikanda kwa kupenda. Nimewahi kukaa kwenye jopo, kijana wa kiume kaingia, katikati ya maongezi kasema mke wake mjamzito, watu wakatabasamu, mmoja akasema huyu ana majukumu hatatuhama. Aliyefuata ni dada, vyeti vyake vizuri kuliko vya yule kijana, akaulizwa ameolewa? ana mpango wa kuzaa lini? Nilikataa palepale lile swali lisijibiwe, tukabishana, ila niliona kwenye karatasi ya mwenzangu ameshaandika pembeni "mjamzito?" na kuweka alama ya kuuliza. Mimba ni ileile! Kwa mwanaume ni sababu ya kupewa kazi, kwa mwanamke ni sababu ya kunyimwa. Na aliyeuliza alikuwa mwanamke mwenzangu. Hilo ndo linaniuma, sisi tuliolea watoto wetu kwa shida tukifika juu tunakuwa wa kwanza kuvuta ngazi.

Tumekuzwa hivyo pia, lazima tuseme. Nchi hii mpaka Novemba 2021 binti akipata mimba shule alikuwa harudi kwenye madarasa ya shule ya serikali. Mtoto aliyeona dada yake anatolewa shule kwa sababu ya tumbo, leo unamwambia awe na amani mbele ya jopo? Ameshajifunza toka darasa la saba kwamba tumbo ni kosa. Tuliomfundisha ni sisi, na makanisa yetu, na vikao vyetu vya ukoo.

Nyie mabinti, ukipata kazi na ukasaini, usisubiri watu waanze kunong'ona. Taarifa ya likizo ya uzazi inatakiwa imfikie mwajiri si chini ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na iambatane na cheti cha daktari, kwahiyo mimba ikifika miezi mitano na nusu hivi uwe umeshaandika. Mwambie kwanza msimamizi wako kwa mdomo, asije akasikia kwa wengine, alafu andika. Barua yenyewe isiwe ndefu: jina lako, cheo, tarehe unayotarajia kujifungua, tarehe unayotaka likizo ianze, tarehe utakayorudi, na kwamba ukirudi utatumia muda wa kunyonyesha, mpaka saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, kama kifungu cha 33 kinavyosema. Usiombe radhi humo ndani, hujakosa. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo, ipige picha, picha ibaki kwenye simu yako na umtumie pia mama yako.