Uso wa Buster Keaton

Mpendwa Rehema,

Pokea salamu zangu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale uliposema kwamba Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu zisizo na sauti, alikuwa mtu mkavu asiye na hisia, nimeona nikujibu kwa kirefu, kwa kuwa jambo hilo limenigusa sana.

Uso wake ule usiocheka alianza kuukaza tangu utotoni. Alizaliwa Kansas, Marekani, mwaka 1895, wazazi wake wakiwa wachekeshaji wa jukwaani, na angali mdogo baba yake alikuwa akimrusha huku na huko mbele ya watazamaji. Hapo ndipo alipong'amua kwamba akicheka yeye, watu hunyamaza, na asipocheka, ukumbi mzima huangua kicheko.

Aliingia kwenye filamu mwaka 1917, na kuanzia 1920 alikuwa na studio yake. Hatari alizibeba mwenyewe. Katika "Sherlock Jr." ya mwaka 1924, maji ya tangi la reli yalimwangusha akagonga shingo kwenye reli, lakini akaendelea na kazi, ni miaka mingi baadaye daktari alipogundua kwamba mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika. Katika "Steamboat Bill, Jr." ya 1928, ukuta wa nyumba unamwangukia naye anasalimika kwa sababu tu amesimama pale hasa linapoangukia dirisha lililo wazi. Ukuta ule ulikuwa mzito kweli, Rehema, na angekosea hatua moja asingepona.

Kinachoniuma ni kwamba mwaka huohuo wa 1928 alijiunga na kampuni ya filamu ya MGM, akapoteza uhuru wa kutunga filamu zake kwa namna aliyoijua. Ulevi ukamzidi, ndoa ikavunjika, na kufikia 1933 alikuwa ameachishwa kazi. Nashukuru kwamba mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, aliyekuwa naye hadi kifo chake mwaka 1966, na kwamba mwaka 1965 aliwahi kushangiliwa kwa heshima kubwa katika tamasha la filamu la Venice.

Nakuomba uitazame tena "The General" ya mwaka 1926, pale anapokataliwa na mchumba wake akaketi kwenye chuma kinachounganisha magurudumu ya garimoshi. Injini inaondoka, chuma kinampandisha na kumshusha, naye kwa majonzi hatambui lolote. Uso haujabadilika hata kidogo, mtazame macho.

Ni mimi rafiki yako,
Salma